Bondia wa Saba

Ami Sudi amefariki Unguja mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na amekufa bila kukubali kwamba hoja ilimshinda. Nalisema hili mapema kwa sababu namjua. Angekuwa hai angeusoma ukurasa huu na kalamu mkononi, akitafuta pa kunikosoa. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwanza chumbani na baadaye kwa simu, mimi na yeye tulibishana jambo moja tu: mabondia wa uzani mwepesi, wale wa kilo sitini na moja, walikuwa wengi na hodari zaidi zamani au siku hizi? Na usidhani tulibishana juu ya mabingwa. Bingwa hana ubishi. Kila zama ina wake, na ina wapenzi wake na uongo wake. Sisi tulibishana juu ya kina. Ukimwondoa bingwa, ukamwondoa na yule anayemfukuza, nyuma yao wamebaki watu au yamebaki majina matupu? Hilo ndilo lililotufanya tuache chakula kipoe.

Siku ya tatu baada ya msiba nikapata ujumbe kutoka nambari ya Uganda. "Abdu, ni Kato. Nimesikia habari za Kochi. Wiki ijayo naleta mabondia wangu wawili hapo Dubai. Tukutane Karama tule kwa ajili yake." Nilikuwa dukani, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la ndimu kavu bila kukusudia. Nilifurahi, na papo hapo nikatamani asije. Huyo Kato nilikuwa nimemkosea, kosa la mkono wangu mwenyewe, na tangu siku alipopanda ndege kurudi kwao hatukuwa tumeonana. Alikuwa akinitumia salamu za sikukuu, zake na zangu, nami nikimjibu kwa maneno matatu manne kama mtu anayeiandikia serikali. Sikuwa na kiburi, ilikuwa ni aibu. Sasa anakuja mwenyewe, na anataka tule.

Nilikotoka hakuna haja ya kukueleza. Mtu wa Mombasa atanijua kwa ulimi wangu, na asiyekuwa wa Mombasa hatapungukiwa na kitu. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, wa pili kwangu Dubai, nikifanya kazi ya kupima mali katika ghala la viungo Al Ras na kulala Karama, ghorofa ya tatu, chumba cha vitanda vinane. Treni ya juu ilikuwa mpya bado, na wenzangu walikuwa wakiipanda bila safari, kwenda na kurudi, kwa ajili ya baridi yake tu. Kiyoyozi chetu kilivuja maji, nasi tulikitegea kopo la rangi, na kulimwaga kopo kulikuwa na zamu iliyobandikwa mlangoni. Friji ilikuwa moja, kila chupa ina jina la mwenyewe, na bado maziwa yangu yalipungua kwa miujiza. Kitanda cha juu yangu alilala Kato, Mganda, mlinzi wa jengo la ofisi, mpole wa maneno, mwenye mabega mapana na miguu myembamba. Alifanya zamu ya usiku, akirudi wakati sisi tunatoka. Alicheza ndondi za ridhaa kwao Kampala tangu shuleni, na mkataba wake wa ulinzi ulikuwa umebakiza miezi sita. Alitaka kitu kimoja: apande ulingoni kabla mkataba haujaisha, aonekane, apate gimu ya kumchukua kama bondia wa kulipwa. La sivyo angerudi nyumbani akiwa mtu aliyelinda mlango, basi.

Chini ya jengo letu palikuwa na mgahawa mdogo, na mpishi wake ndiye Ami Sudi: Mzanzibari wa miaka sitini na ushei, mfupi, mkavu, mwenye kikohozi cha sigara na pua iliyovunjika mara mbili. Mimi nilimwita ami kwa desturi ya kwetu. Kato alimwita Kochi, kwa sababu siku ya kwanza alipomwona akichota mchuzi alimwambia, "Mzee, wewe ulikuwa bondia," na mzee akauliza amejuaje, na Kato akasema, "Bega lako la kushoto bado linaficha kidevu." Tangu hapo walikuwa kitu kimoja, ingawa ungewasikia wakiongea ungedhani ni mahasimu. Kila Ijumaa baada ya sala, Ami Sudi alipanda na sufuria mbili: wali wa nazi na mchuzi wa nguru, na bakuli la kachumbari yenye ndimu ya kutosha kumtoa mtu machozi. Tulitandika magazeti sakafuni, tukakaa, ubishi ukaanza. Kato alikuwa pembeni na kuku wake wa kuchemsha, ngozi ameibandua, anatafuna na tango, anautazama wali wetu kwa huzuni ya kweli.

Mwanzoni ubishi ulikuwa wa kitoto. Huyu anataja bingwa wake, yule anataja wake, sauti zinapanda, jirani anagonga ukuta. Ijumaa moja nikachoka. Nikasema, "Acheni mabingwa. Kila mtu anitajie bondia wa saba wa zama zake. Wa saba, katika Afrika Mashariki yetu hii. Tuone nani anamjua." Ami Sudi akaacha tonge hewani. Kisha akaanza kuwataja, na hakuwataja kwa majina tu, aliwataja kwa kazi zao: wa tano alikuwa fundi baiskeli wa Tanga, mkono wa kulia kama nyundo, wa sita kuli wa bandarini, mtu wa kwenu Mombasa, hachoki, wa saba mpishi wa jeshi Uganda, ukimpiga anacheka, wa nane mwalimu wa shule ya msingi. Akatia tonge kinywani, akatafuna taratibu, akajigusa kifua. "Na wa tisa ndiye huyu. Wa tisa, na sioni haya. Wanane walionitangulia wote walikuwa watu. Ungeniweka leo ningekuwa bingwa mara tatu, na nisingekuwa nimejifunza kitu."

Tukamgeukia Kato. Akataja wa kwanza mpaka wa nne, akakwama, akachukua simu. Wa saba aliyempata alikuwa amepigwa mapambano matatu mfululizo. Ami Sudi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mnaona? Kisima chenu kimejaa juu, ukitia kamba inagota. Sisi tulipimwa asubuhi, tukapigana jioni ile ile. Nyinyi mnapimwa leo, mnalala, mnakula kilo tano, kesho mnapanda ulingoni mkijiita wepesi. Wepesi wa nini?" Kato hakucheka. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Kochi, wewe unamjua wa saba wako kwa sababu mlipigana. Kulikuwa na mashindano kila mwezi, reli, bandari, jeshi, kila mahali timu. Mimi wa saba wangu simjui kwa sababu hakuna aliyempandisha ulingoni. Yupo. Labda analinda geti mahali. Na ulimwenguni huko, zamani nchi nyingi zilifungiwa mlango, vijana wao hawakuruhusiwa kupigana kwa malipo. Leo wote wamo. Nyie mlikuwa wengi katika chumba kidogo." Mimi nilikuwa upande wa Ami Sudi, nakiri, lakini neno lile la geti lilinikaa moyoni. Ami Sudi akasema tu, "Kula kuku wako."

Nikitazama nyuma naona kwamba sote watatu tulikuwa tunajizungumzia wenyewe. Mzee alitaka kujua kama kuwa wa tisa kulikuwa na thamani. Kato alitaka kujua kama asiyekuwa kwenye orodha ni mtu. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeishia kupima magunia, sikuwa na orodha yoyote, nikapenda kukaa karibu na watu wenye orodha. Siku hizi nasikia vijana wa hapa wakibishana hivyo hivyo kwenye simu zao, na takwimu za kila namna, ngumi ngapi zimerushwa na ngapi zimefika. Nawasikiliza na nawapenda, ila najiuliza kama yupo kati yao aliyewahi kula na bondia wa tisa.

Basi mwezi wa nne Kato akaingia chumbani asubuhi na sare ya ulinzi bado mwilini, akakaa kitandani kwangu bila kuomba ruhusa. Mwandalizi mmoja wa mapambano alikuwa anatafuta mtu wa kupigana na Mfilipino, raundi nane, ukumbi wa hoteli, mwezi wa nane. Na huyo Mfilipino alikuwa nani? Wa saba kwenye orodha ya Asia, kilo sitini na moja. Nilimtazama, akanitazama, tukashuka ngazi mbio kwenda jikoni. Ami Sudi alikuwa akimenya vitunguu. "Wa saba," akasema. "Haya. Sasa tutajua kama huko siku hizi wa saba ni mtu." Na wenye gimu moja kubwa walikuwa wameahidi kuja kumtazama Kato. Akishinda, au hata akipigana vizuri mpaka mwisho, wangezungumza naye. Ami Sudi alikubali kumfundisha kwa sharti moja, akalisema huku kisu kikimwelekea: "Uzito. Mimi sijawahi kukosa uzito maisha yangu. Nikiona huufikii, nakutoa mwenyewe kabla ya siku. Bondia aliyekosa uzito ameshavunja ahadi."

Tulikosa mahali pa mazoezi, na hapo ndipo nilipojiona mtu wa maana. Ghala letu Al Ras lilifungwa saa saba mchana mpaka saa kumi, wakati meneja wetu, Bwana Kasim, Mhindi wa Kerala, alipokwenda kwake kula na kulala. Mimi nilibaki na ufunguo. Nikamwomba, akawaza, akasema, "Wasiguse zafarani. Yalla, haya, endeleeni." Hivyo kila mchana tulitundika gunia la matambara kwenye boriti, na Kato akalipiga katikati ya iliki na mdalasini, Ami Sudi amekaa juu ya boksi la pilipili manga akikohoa na kuhesabu. "Rudisha mkono. Rudisha mkono, umeuacha huko unafanya nini?" Joto lilikuwa la tanuri. Kato alitoka jasho likinukia viungo, akawa kwenye treni watu wanageuka kumtafuta mpishi. Na baada ya mazoezi, kila siku ya pili, alipanda kwenye mizani yangu.

Hebu nieleze mizani ile, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, na uso wa mviringo na mshale. Mali yetu ilikuja kwenye magunia ya katani, na mnunuzi hakubali kununua gunia. Basi Bwana Kasim alikuwa ameurudisha mshale nyuma ya sifuri kwa uzito wa gunia tupu, kilo moja na gramu mia mbili, ili unachosoma kiwe ni mali yenyewe. Mizani ikiwa tupu, mshale uliegemea kipini kidogo kwenye sifuri, hauwezi kushuka zaidi, na mtu mgeni asingejua. Mimi nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, na ndiyo sababu sikulikumbuka. Kitu ukikitenda mara mia kwa siku, akili inakiacha mkononi inakwenda zake. Nilimpima mtu kwa mizani iliyotegwa kwa ajili ya gunia, miezi mitatu, na kila mara nikamsomea kwa sauti ya furaha, "Sitini na mbili unusu! Sitini na mbili! Unashuka, bwana!" Na Ami Sudi, asiyeona vizuri kwa karibu, akaandika ukutani kwa chaki.

Wiki mbili kabla ya pambano nilishuka kurudisha sufuria mgahawani, nikamkuta Ami Sudi jikoni amenipa mgongo, anaongea na simu na kaka yake Unguja. Kwa wiki nzima alikuwa amemtukana Kato: mzito, mvivu wa mkono, bora arudi getini. Sasa nasikia sauti nyingine kabisa. "La, huyu si wa kubahatisha. Nakwambia wallahi. Ningelikutana naye wakati ule, mimi ningelikuwa wa kumi." Kaka yake nadhani alicheka, kwani mzee akasema, "Cheka. Lakini ndivyo." Akageuka, akaniona na sufuria. "Umesikia nini?" Nikamwambia sijasikia kitu, ami. "Vizuri," akasema. "Endelea kutosikia." Akaichukua sufuria akaanza kuisugua ingawa nilikuwa nimeshaiosha.

Siku ya kupimwa ilikuwa mwezi wa nane, saa nane mchana, hoteli moja upande wa Bur Dubai. Asubuhi ile mshale wangu ulisema sitini na moja kamili, chini ya kikomo kwa gramu mia mbili, na Kato, midomo imepauka, akashukuru Mungu wake. Mgahawa ulikuwa na oda ya harusi, Ami Sudi hakupata ruhusa, kwa hiyo nilimpeleka mimi, kwa gari la ghala, lile la kupelekea mizigo. Mfilipino alipimwa kwanza, kijana mwenye adabu, akatuinamia kichwa. Kato akapanda. Afisa akasoma namba, akasoma tena. Kilo sitini na mbili na gramu mia mbili. Nikaliona gunia tupu mbele ya macho yangu kama ninavyokuona wewe. Tulipewa saa mbili za kuupunguza. Kato alivaa viatu, akatembea kwenda kwenye maegesho, nami nyuma yake.

Tulifunga vioo vya gari juani, mwezi wa nane, injini imezimwa, ili jasho limtoke. Alijivika mifuko ya nailoni tunayofungia iliki, koti juu yake, akakaa nyuma akarusha ngumi hewani polepole. Nilikataa kukaa nje. Nilikaa mbele, nikigeuka nyuma kila baada ya dakika chache nimtazame kama bado anajibu. Baada ya nusu saa nikamwambia ukweli wote: mshale, kipini, gunia, mimi. Nililia nikisema, na sioni haya. Kato hakunitazama. Aliendelea kurusha mikono. Nilidhani ananichukia, na nikaona ana haki. Zikapita dakika kumi nyingine, mikono ikashuka, kichwa kikaegemea boksi, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba imetosha, khalas, turudi nyumbani. Hapo nikavunja ahadi yangu kwa mzee. Nikamwambia nilichokisikia jikoni. Nikayarudia maneno kama yalivyokuwa, ningelikutana naye wakati ule, mimi ningelikuwa wa kumi. Kato akafungua macho. "Kochi amesema hivyo?" Nikamwambia aliapa. "Banange," akasema, neno la kwao la mtu aliyeshindwa kuamini, kisha akainua mikono tena.

Mara ya pili alipimwa nyuma ya taulo, bila nguo hata moja, yeye mtu wa kanisa na mwenye haya, nami nimeshika upande mmoja wa taulo na macho yangu ukutani. Sitini na moja na mia mbili. Pambano la kesho yake jioni nalikumbuka vipande vipande. Raundi tatu za kwanza Kato alikuwa maji yanayotiririka, mkono wa mbele unafika na kurudi, unafika na kurudi, na Ami Sudi kwenye kona hakutukana hata mara moja, ndiyo nikajua mambo ni mazuri. Raundi ya tano miguu ikaanza kumuaga. Mfilipino akaona, akaingia ndani, akampiga mbavuni kwa ustadi ambao hata mimi nisiyejua kitu niliutambua. Kato hakuanguka. Raundi ya nane walisimama katikati ya ulingo wakabadilishana mpaka ukumbi mzima ukawa wima, Wahindi, Wafilipino, Waganda, wote. Majaji walimpa Mfilipino, kwa tofauti ndogo. Ami Sudi akamvua Kato glavu, akambusu kipaji cha uso, akaniambia mimi, "Wa saba huyu ni mtu." Ukidhani alikuwa amekubali hoja, humjui. Njiani kurudi alishasema mtu mmoja si kina.

Wenye gimu walikuja, wakampa Kato mkono, wakamsifu moyo wake, wakasema anachoka mapema. Hawakupiga simu. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa kumi, akafunga sanduku, akatugawia sabuni na chumvi yake, akaenda. Na mimi nikabaki na hesabu yangu: kilo moja ya maji iliyokauka mwilini mwake ilikuwa ndiyo zile raundi nne za mwisho, na raundi nne zile zilikuwa maisha yake. Hakuna aliyenilaumu. Siku iliyofuata nilimwomba Bwana Kasim arekebishe mshale, akaniuliza kwa nini, nikashindwa kumweleza.

Hayo ndiyo niliyoyabeba mpaka wiki iliyopita, Karama, mgahawa mwingine mtaa ule ule, maana ule wetu sasa ni duka la simu. Kato ameota mvi na tumbo, anavaa miwani. Mabondia wake wawili, msichana na mvulana, wote wa kilo sitini na kidogo, walikuwa mezani kwao wakila samaki bila wali, kimya, kwa nidhamu niliyoitambua. Ana gimu Kampala, gereji ya zamani aliyoipaka chokaa, na wepesi peke yao ni kumi na wanne. Aliniambia majina yao wote. Aliwataja kama Ami Sudi alivyowataja wale wake, huyu anauza chapati, yule anasomea uuguzi, na hakugusa simu hata mara moja. Nikawaza, mzee angesikia hii angetafuta njia ya kukataa, na asingeipata. Nikafurahi kwa niaba ya watu ambao hata siwajui.

Kisha nikajikaza nikasema nililokuja nalo. Nikamwomba radhi kwa mizani. Nikamwambia miaka yote hii nimejua kwamba mimi ndiye niliyempotezea gimu ile. Kato akavua miwani, akaiweka mezani, akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari mpya.

"Abdu, siku mbili kabla ya kupimwa nilipita duka la dawa karibu na kituo cha treni. Mizani ya kutia dirham moja. Nikatia. Ikasema sitini na tatu kasoro."

Nikamwambia sielewi.

"Nilijua. Nikaja kwako ukanisomea sitini na moja unusu, nikachagua yako. Nilikuwa na njaa, ndugu yangu. Niliitaka iwe kweli."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia Kochi."

Ningemwambia. Siku ile ile, kabla hajamaliza sentensi. "Na Kochi angekutoa," nikasema.

"Angenitoa. Khalas, narudi getini, na sijawahi kusimama na mtu kama yule hata raundi moja. Zile nane ndizo nilizorudi nazo nyumbani. Ndizo ninazofundisha. Hao wawili pale wanazijua kwa moyo, raundi kwa raundi, hata ile ya tano nilipopigwa mbavu." Akavaa miwani yake. "Nilidhani unajua kwamba nilijua. Pale garini ulipolia nikadhani unanihurumia tu."

Nilimwita mwongo. Nilimwita majina mengine ambayo siyaandiki hapa, kwa sauti, mpaka wale vijana wake wakaacha samaki na mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Miaka kumi na tano na zaidi! Nilimwambia nimekonda kwa ajili yake, akasema haionekani. Nilimwambia Ami Sudi angefufuka amchape, akasema angemchapa kwa uzito, si kwa uongo. Kwa muda wote ule sikuwahi kumkasirikia Kato hata kwa jambo dogo, kwa sababu niliamini mimi ndiye mwenye hatia na yeye ndiye wa kusamehe. Siku ile nilimkasirikia mpaka chai ikapoa, nikaagiza nyingine, nikaendelea kumkasirikia. Sikumbuki lini nimefurahi namna ile.